Kimondo Kilichoguswa na Sumaku

Kofi la kwanza lilimkuta Wembe ameshika kalamu. La pili lilimwangusha sakafuni.

"Saini!" Daktari alifoka, akimsogezea karatasi. "Jina lako tu. Kinakushinda nini?"

Wembe alilamba mdomo, akaonja damu. Miaka mitatu ya mapenzi, harusi imebaki wiki mbili, na hajawahi kuuona mkono huo ukiinuka juu yake. Wembe ndilo jina walilompa pale maabara, kwa sababu alikata mawe yaliyoanguka kutoka angani hadi yakawa membamba kama karatasi. Mchumba wake walimwita Daktari, kwa kuwa ndiye aliyeyasoma mawe hayo na kueleza yametengenezwa na nini na yametoka wapi.

Mlango wa chumba cha kukatia ulikuwa umefungwa kwa ndani. Msumeno ulikuwa bado unazunguka, na kelele yake ilimeza kila kitu.

"Hapa umeandika mimi ndiye niliyekigusa kimondo kwa sumaku," Wembe alisema akijiinua. "Sikukigusa."

"Najua hukukigusa. Nilikigusa mimi."

Wembe alimkodolea macho.

Katika kazi yao, hilo ndilo kosa ambalo hata mfagizi wa maabara analijua. Kimondo kina vyembe vya chuma na nikeli ndani yake, na vyembe hivyo hushika usumaku wa mahali kilipoumbika, vikautunza miaka bilioni nne na ushei. Ukikigusa kwa sumaku ya kawaida, hata ile ya kubandika mlangoni, kumbukumbu yote inafutika. Asubuhi hiyo Wembe alikuwa amekata vipande sita kuanzia ganda kuelekea ndani na kuvipima kimoja kimoja. Usumaku wa ganda ulikuwa mkali kupita kiasi, kisha ukapungua hatua kwa hatua kadiri alivyoingia ndani, kama joto la pasi kwenye nguo iliyokunjwa. Hakuna kimondo kinachokuja hivyo. Alimwonyesha mpenzi wake zile namba kwa siri, kabla ya mtu mwingine yeyote, akidhani anamwokoa.

"Kwa nini ulikigusa? Wewe, mwalimu wa watu wote hapa!"

"Furaha, mpenzi wangu. Nimekiokota, nikataka kuhakikisha si jiwe tu la barabarani. Sumaku ilikuwa kwenye funguo. Sekunde moja, Wembe!"

"Basi sema. Tutaenda wote kwa Shangazi, mkuu wetu, tuseme."

"Niseme nini? Nimeshasimama mbele ya wataalamu nikawaambia jiwe hili lina usumaku mkongwe kuliko dunia! Wewe ni mkataji tu, utaonywa yaishe. Mimi nitafukuzwa. Mke humsitiri mumewe."

"Kusitiri ni kumfunika mtu. Wewe unanivua mimi nguo ujifunike wewe."

Daktari alimrukia. Alimkamata mkono wa kulia, akauingiza kwenye droo ya vipande, akaipiga droo kwa goti.

Vidole viwili vililia kama kijiti kikavu. Wembe alipiga yowe, ambalo msumeno ulilimeza. Kwa mkono wa kushoto alipapasa mezani, akapata jagi la maji ya kupozea msumeno, maji mazito yenye tope la mawe, akammwagia machoni. Mwanamume akarudi nyuma akipangusa uso na kutukana. Wembe alifungua komeo kwa meno na kiganja, akakimbia.

Kaka yake, fundi wa kuchomelea, alimkuta zahanati mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo. Simu ilikuwa mapajani, ikiita na kukatika. Kaka akaichukua, akasoma jumbe za Daktari.

"Kipenzi, shetani alinipitia. Rudi tuongee."

Chini yake: "Nimeshamwambia Shangazi ni wewe uliyeshika sumaku. Ukibisha utaumbuka bure."

Na ya mwisho: "Ukiniharibia, hiyo mikono haitakata hata kitunguu."

Kaka alienda kwenye pikipiki yake, akarudi na bomba la chuma.

"Yuko wapi huyo shemeji?"

"Kaka, weka chini hicho chuma."

"Mtu kakuvunja vidole, nikampikie chai?"

"Ukimpasua kichwa leo, kesho wewe ni mfungwa na yeye ni majeruhi wa kuonewa huruma. Na jina langu litabaki kwenye ile karatasi. Nisindikize kazini, uje mikono mitupu."

Kaka alilitazama bomba, akamtazama dada yake.

"Mikono mitupu nayo inauma, ujue."

"Utasubiri nje ya mlango."

Mkuu wa maabara alikuwa mama mtu mzima, mtulivu, ambaye wote walimwita Shangazi. Walimkuta chumba cha vipimo. Daktari alikuwa pembeni yake, kabadili shati, macho mekundu.

"Huyo hapo," Daktari alisema. "Muulize, Shangazi. Aibu imemfanya akimbie, akajibana vidole mwenyewe."

"Mwanangu, nani kakufanya hivi?" Shangazi aliuliza, akiitazama bandeji.

"Yeye. Lakini tuanze na jiwe, Shangazi, maana maneno yangu atayakana." Wembe alinyosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye kisanduku kidogo mezani. "Kile kimondo kiliokotwa kimepasuka vipande viwili. Kimoja nililetewa nikate. Kingine alikifunga kwenye kisanduku kile kulekule alikokiokota, akapiga muhuri na kuweka saini yake. Hakijafunguliwa mpaka leo. Kama kosa ni langu, kile kitakuwa kizima."

Uso wa Daktari ulipauka.

"Hakifunguliwi! Kile ni akiba ya utafiti wa baadaye!"

"Baadaye imefika, baba," Shangazi akasema, akikata muhuri.

Daktari alishika nyundo ya kuvunjia mawe. Hakumtazama mtu, aliruka moja kwa moja kwenye kisanduku. Wembe alikifunika kisanduku kwa kifua. Nyundo ikamshukia bega la kulia, na wote mle ndani wakasikia mfupa ukivunjika.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Kaka aliingia kama dari limeanguka. Daktari alimpiga kwa kiti, kiti kikapasuka. Kaka akamkaba shingo, akambamiza ukutani mara ya kwanza, mara ya pili, pua ikafumuka damu ikatapakaa kwenye shati jipya. Nyundo ikadondoka.

"Basi! Usimuue!" Shangazi alipaza sauti.

"Kaka, mwache," Wembe alinong'ona kutoka sakafuni. "Asipimwe yeye. Lipimwe jiwe."

Kaka alimbana chini kwa magoti hadi walinzi walipofika. Shangazi alikibeba kipande akakiweka kwenye mashine. Walisubiri. Namba zikapanda, zikapanda, zikagota juu kabisa.

"Hiki Wembe hajawahi hata kukiona," Shangazi alisema polepole. "Na kimeguswa."

Daktari alianza kulia.

"Wembe, waambie niliogopa tu. Nilivigusa vyote viwili kabla sijafikiri. Nilikuwa naogopa kukukosa wewe na kazi kwa pamoja."

"Hiyo hofu ungeniletea," Wembe alijibu, machozi yakimtiririka hadi masikioni. "Ningesimama na wewe hapahapa, tukasemwa wote, tukafukuzwa wote, nikakuoa hivyohivyo kama mila zingeruhusu mwanamke kuoa. Nilikupenda kiasi hicho."

Walinzi walimtoa. Aligeuka mara moja mlangoni. Wembe alikuwa ameshafumba macho.

Jioni askari wa kike alikaa kando ya kitanda chake hospitalini, daftari gotini.

"Mtuhumiwa ni nani wako?"

"Andika mfanyakazi mwenzake," kaka aliwahi. "Mdogo wangu, huna haja ya watu kujua."

Wembe aligeuza kichwa kwa taabu.

"Andika mchumba," alisema. "Alipoinua nyundo alikuwa mchumba wangu. Nimekataa kuandikiwa uongo na yeye, sitauandika mwenyewe."

Askari akaandika. Kisha akamshikia daftari, naye Wembe akasaini kwa mkono wa kushoto, herufi zikapinda kama za mtoto wa chekechea, lakini jina likasomeka lote.