Deraya ya Tatsuo

Jioni ile Bi Isogai alitoka mara moja tu, kwenye mvua ya Shizuoka isiyokatika, kufuata rangi ya fedha dukani kwa Mzee Mochizuki. Chupa ya nne mwezi huo.

"Bado tu?" mzee akamtania. "Huyo shujaa wako atazeeka hajavaa."

"Niache mie! Kila nikipaka, inakuwa kama karatasi ya chokoleti. Nataka chuma, mzee. Chuma!"

"Basi acha fedha. Chuma hakina rangi yake. Kinaonyesha kilicho mbele yake. Paka hicho."

Sanamu yenyewe, ya plastiki, ya shujaa aliyevaa deraya, yaani vazi la chuma la vita, haikuzidi kidole. Mumewe, Tatsuo, alifariki bila kuikamilisha, na keshokutwa ilikuwa kumbukumbu ya kifo chake. Bi Isogai alikuwa ameapa kuiweka kwenye madhabahu ya nyumbani ikiwa kamili. Mara tano ameipaka deraya ile. Mara tano ameifuta huku akitukana.

Alirudi, akawasha taa, akainama. Akapaka nyeusi ya kung'aa. Mstari mweupe: dirisha. Doa la manjano: taa. Kivuli cha kahawia: yeye mwenyewe.

Akapuliza. Ikakauka.

Chuma! Chuma kabisa, baridi hata kwa macho. Nusura apige vigelegele...

Kisha akaona vivuli viwili.

Cha pili kilikuwa kirefu, kimesimama nyuma yake. Hakukipaka yeye.

"Mkono mbovu huu!" akafoka. Akafuta, akapaka upya. Dirisha. Taa. Yeye.

Kikarudi.

Karibu zaidi.

Harufu ya kutu ikajaa chumbani. Nyuma yake mkeka ukalia... kri... kama umekanyagwa.

Hakugeuka. Hasira zilimwisha, akabaki na kitu kama tumaini.

"Tatsuo?" akanong'ona. "Ni wewe?"

Ndani ya deraya, kivuli kikatikisa kichwa.

Hapana.

Alikimbilia dukani miguu mitupu, sanamu mkononi. Mochizuki akaitazama, akailaza kifudifudi upesi.

"Kwani Tatsuo hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Kila wiki alinunua hii." Akamsogezea vanishi ya kuua mng'ao. "Nikamuuliza ya nini yote hiyo. Akasema, 'Ikishang'aa, kinapata njia.' Nikacheka. Zaidi ya hapo sijui, Bi Isogai. Haki sijui."

Bi Isogai aliipaka palepale kwenye kaunta. Chuma kikafa, kikarudi kuwa plastiki. Alilia kwa uchungu: kazi iliyomshinda muda wote ule, alipoiweza tu, ikabidi aiue kwa mkono wake.

Sasa sanamu iko madhabahuni, imefifia kama majivu. Wageni humwambia kwa upole kwamba angeitia mng'ao kidogo. Asubuhi moja, akisuuza mchele, alikiona kivuli kile kwenye bomba la maji. Akalipaka vanishi. Kisha birika. Kisha vijiko, kimoja kimoja.

Jana alinawa uso, akainua kichwa kwenye kioo. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Akashusha pumzi, akasogea karibu.

Kilikuwa kimesimama ndani ya mboni ya jicho lake.