Mamba Hana Ugomvi na Mtu

Sisi tunaishi kando ya mto Shire. Mume wangu, Wyson, ni mvuvi. Jioni mitumbwi ikirudi, wanawake tunashuka mwaloni. Tunapaa samaki, tunatoa matumbo, tunayatupa majini. Hapo hapo tunaoga na kuchota maji.

Jumapili watoto hushinda hapo. Wanaogelea na kushindana kuvua kwa ndoana. Binti yangu Zione huwashinda wavulana. Alikuwa akisimama majini hadi magotini, mbwa wetu kando yake.

Mamba tulikuwa tukiwaona ng'ambo. Hatukuwaogopa. Kwetu watu husema mamba hali mtu bure, hutumwa na mwenye kinyongo. Kama hujagombana na mtu, oga kwa amani.

Jumapili moja mamba alimchukua yule mbwa. Zione alirudi nyumbani na ndoana mkononi. 

Nilichanganyikiwa. Nani ana kinyongo nami? Nikamkumbuka wifi yangu Esnati. Nikabeba kuku, nikaenda kwake.

"Wifi, nisamehe kwa ile sufuria."

"Ipi? Ile uliyoitoboa?"

"Hiyo hiyo. Kama una neno nami, liishe."

Esnati akanitazama. "Mama Zione, unadhani mimi nafuga mamba? Hata hao kuku wananishinda."

Lakini kuku alimpokea.

Kesho yake jioni, tukisafisha samaki, mamba akaja tena. Alinyakua ndoo mkononi mwa jirani yetu. Kidogo tu angeunyakua mkono.

Sasa sikuelewa kitu. Nikamwomba radhi jirani huyo. Nikaenda na kwa mama wa nyumba ya pili. Yeye akaniuliza, "Kwani umenikosea nini?" Nikarudi nyumbani.

Wyson akacheka. "Utaomba radhi hadi kwa wapita njia."

"Basi niambie wewe, nani kamtuma?"

"Sijui," akasema. Na yeye siku hizo alikuwa haoshi miguu mtoni.

Ndipo akaja Mama Nachisale, mfanyakazi wa idara ya wanyamapori. Yeye ni mzaliwa wa mto huu huu. Alikaa juu ya ukingo wa mto, akatutazama tukisafisha samaki.

"Nani anamlisha huyu mamba?" akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Nani ana wazimu huo?"

"Na hicho ulichotupa sasa hivi?"

"Matumbo ya kambare."

"Unayatupa kila jioni? Hapo hapo?"

"Kila jioni."

"Mwenzangu, mgeni ukimpa sima kila jioni mlangoni, siku ukichelewa si ataingia jikoni mwenyewe?"

"Lakini mimi sina ugomvi na mtu. Nimeomba radhi kote."

"Umefanya vizuri. Ila mamba hajui ugomvi. Anajua harufu na anajua saa ya kula. Mguu wa mtoto majini kwake ni chakula tu."

 Ni mimi niliyekuwa nikitupa matumbo pale Zione aliposimama.

Esnati, aliyekuwa akipaa samaki kando yangu, akanong'ona, "Kumbe kuku nimemla bila kosa."

Mama Nachisale akatueleza la kufanya. Matumbo yafukiwe kwenye shimo refu, mbali na maji. Wanaume wachimbie miti imara majini, iliyobanana, iwe uzio. Tuchote na kuoga ndani ya uzio tu, tena mchana. Uzio ukaguliwe kila asubuhi, maana ukiwa na pengo, mamba anaweza kuingia akawasubiri ndani. Na mwenye kuvua kwa ndoana akae juu ya ukingo, asiingize mguu majini.

Wyson na wenzake wakakata miti. Sisi tukachimba shimo.

Jioni za mwanzo mamba alikuja. Alitoa pua, akangoja. Hakupata kitu. Akaanza kukosekana, na sasa tunamwona ng'ambo tu. Hata hivyo hatumzoei tena.

Zione hununa. "Mama, huku juu samaki hawali."

"Watakula. Kaa hapo hapo."

Nawe mwenye mtoto, leo jioni tazama matumbo ya samaki wako yanaangukia wapi.

Mimi kila asubuhi naugusa uzio mti kwa mti kabla Zione hajashuka. Na Esnati tumegombana tena, sufuria ile ile. Hatusemezani. Mamba hajaja. Ila matumbo tunayafukia pamoja, yeye na jembe lake, mimi na langu.