Kamba ya Akiba

Kamba ya akiba ilikaza jua likiwa utosini. Mtembeza mbwa alikuwa akizikwamua kamba nyingine zilizojisokota mkandani mwake, akasema bila kugeuka, kama anavyomwambia kila mbwa, "Haya, mguu kwa mguu mpaka kwenu."

Ndipo akageuka. Kamba ilikuwa imenyooka hewani, na mwisho wake haukuwa na mbwa. Mbwa wanne wa wateja walijibanza upande wa pili, mikia imefyatwa. Palinuka manyoya mabichi, na mvua haikuwa imenyesha.

Hakuogopa sana, alikasirika. Kazi hii aliijenga huku ukoo mzima ukimcheka, eti kasoma kote kule aje kukokotwa na mbwa. Sasa kila siku kamba ilikaza, mbwa walirudi makwao wakitetemeka, na wateja wakamkimbia mmoja mmoja. Akabaki na daktari wa meno tu.

"Dada, pumzika kwanza," daktari naye akamwambia getini. "Mbwa wangu hataki hata kula."

Aliikata kamba, akaichoma. Kesho yake ilikuwa mkandani, nzima.

"Jini gani huyu asiye na kazi!" alifoka mbele ya shangazi yake, mganga.

"Shhh! Ilipokaza mara ya kwanza, ulisema nini?"

Akamweleza. Shangazi akashusha pumzi. "Ahadi ni deni, mwanangu. Mfikishe kwao, atawaacha mbwa wako."

Akaifuata kamba. Ikamvuta kupita maduka ya vipuri, ikamvuta kando ya ukuta wa bahari ambako paka walitawanyika, ikakata kona anazozijua, harufu ikizidi na kucha zisizoonekana zikikwaruza lami mbele yake, mpaka ikapanda ngazi ambazo yeye mwenyewe huzifagia kila asubuhi, ikasimama mlangoni pake.

"Huku ni kwangu!" alinong'ona. "Kwenu ni wapi?"

Mlango ukafunguka wenyewe. Kamba ikalegea. Simu ikaita.

"Dada!" Alikuwa daktari. "Mbwa amekula, yuko getini anakungoja. Hata jirani anataka umrudie. Kesho uje!"

Machozi ya furaha yakamtoka. "Nakuja," akasema, akaishika kulabu ya mkandani aifungue kamba.

Haikufunguka. Kamba ikakaza tena, ikivutwa kutoka ndani, na gizani mle ikasikika sauti yake mwenyewe, pole, yenye subira ya kazini.

"Haya, mguu kwa mguu mpaka kwetu."