Moshi wa Saa Saba

Kila siku adhuhuri, akitoka shule, Thuwaiba alifagia ua, akateka maji bombani, kisha akamuuliza mama yake swali lilelile.

"Mama, leo tunapika moshi wa nini?"

Siku Mama akiwa na moyo, alijibu, "Wa kuku." Siku akiwa hana, alimtazama tu, na Thuwaiba akajua kwamba utani umefika mwisho wa reli.

Kwenye mafiga paliinjikwa sufuria ya maji matupu. Chini yake zilichomekwa kuni mbichi, ili moshi utoke mwingi, upande juu ya makuti, majirani wauone. Mtaani kwao, kule Pongwe, ilikuwa aibu jiko kulala baridi saa saba ya mchana. Maji yalipochemka, Mama aliyaepua, akayapoza, akaoshea vyombo ambavyo havikuwa vimechafuka. Chakula chenyewe kilikuja jioni, muhogo wa kuchemsha na chumvi, na siku nyingine kilichokuja ni chumvi tu.

Mambo hayakuwa hivyo tangu zamani. Baba yake, Mzee Massoud, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kusokota kamba za katani. Kwanza kiwanda kilipunguza watu. Kisha kikapunguza mashine. Mwishowe kilibaki kupunguza ukuta, maana matofali nayo yalianza kuondoka usiku. Wafanyakazi waliahidiwa kiinua mgongo, wakakingoja hadi migongo yenyewe ikainama. Ilikuwa miaka ile ya tisini, na watu walikuwa na kichekesho chao: zamani pesa ilikuwepo na maduka yalikuwa matupu, sasa maduka yamejaa hadi barazani, mifuko ndiyo mitupu.

Katika nyumba hiyo, tumaini lilikuwa Sabiha, dada yake Thuwaiba. Sabiha alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea. Lakini pasi ikiungua mtaani, inaletwa kwake. Redio ikikohoa, inaletwa kwake. Yote hayo aliyatengeneza kwa kisu cha jikoni. Alitaka jambo moja tu duniani: kusomea ufundi wa umeme na majokofu katika chuo cha mjini Tanga.

Ndipo ukaja Mfuko wa Ufundi. Ofisi ya kata ilitangaza kwamba Mfuko huo utawalipia ada na vifaa watoto wa watu waliopunguzwa kazini. Kata nzima ilipewa nafasi moja. Sabiha alipimwa pamoja na wenzake, akaongoza. Lilibaki jambo dogo: ofisa wa Mfuko aje nyumbani kuona hali ya familia.

"Mgeni!" alisema Mama, akishika kichwa. "Mgeni wa serikali, atukute hivi?"

"Si wa serikali, Mama. Ni wa Mfuko," alisema Sabiha. "Na anakuja kuona hivi hivi."

"Nyamaza. Hapa hajawahi kuingia mgeni akatoka na habari ya kusimulia."

Kazi ikaanza. Makochi mawili yaliazimwa kwa Bi Zuleha, mjane wa jirani. Redio kubwa ya kaseti ilitoka kwa Zubeiri, muuza duka. Chupa ya chai, vikombe vya maua, zulia, mchele, na hata jogoo, kila kitu kilipita uani kimyakimya, kikafunikwa kwa kanga. Hakuna jirani aliyeuliza kwa nini. Kumsitiri mwenzako mbele ya mgeni ni jambo linalofanywa bila kuulizwa.

Thuwaiba alisimama mlangoni akatazama. "Jamani, hii nyumba ya nani? Niingie au nipige hodi?"

Ofisa alifika. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Korogwe aliyefanya kazi mjini Tanga, jina lake Dorkasi, amevaa viatu vyenye vumbi la njia nzima. Mzee Massoud alimpokea kwa kanzu nyeupe na koti. Pilau ikashushwa. Bi Dorkasi alikula kidogo, akatazama makochi, akatazama redio.

"Mzee, tusipomlipia binti ada, nani atamlipia?"

Sabiha alifumbua mdomo, lakini baba yake alitangulia. "Hatushindwi, mama. Mungu anasaidia. Tumeomba kwa kuwa na wenzetu wanaomba."

Bi Dorkasi akamgeukia Thuwaiba. "Na wewe, mchana huwa mnakula nini?"

Macho ya Mama yalimchoma kutoka nyuma ya pazia. Thuwaiba hakupenda kusema uongo, lakini alipenda kuchekesha. "Siku za kawaida wali kwa samaki, Ijumaa pilau," alisema. "Jumapili tunapumzisha matumbo, yasije yakalalamika kwa kazi nyingi."

Watu wakacheka. Bi Dorkasi naye akacheka, akaandika. Sabiha peke yake ndiye aliyekuwa akitazama zulia la watu.

Wiki mbili baadaye, katibu wa kata alisoma majibu mbele ya watu. "Familia ya Mzee Massoud inajiweza. Nafasi imepelekwa kata nyingine, kwa kijana Ernesti, mwenye shida zaidi."

"Hongera, tajiri!" Zubeiri alipiga kelele kutoka nyuma.

Mzee Massoud alitabasamu. Ndiyo, alitabasamu, akanyoosha mabega kama mtu aliyesifiwa msikitini. Alitembea hivyo hadi nyumbani, akaingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, na mabega yakashuka. Hakutoka hadi kesho yake. Mtaa mzima ulijua sasa kwamba Massoud anajiweza. Sufuria tu ndiyo haikuwa na habari.

Sabiha hakulia. Asubuhi iliyofuata alichukua nyundo ya baba yake, akaenda kwenye machimbo ya chokaa kugonga kokoto pamoja na wanawake wengine. Alirudi jioni amepauka mwili mzima kama mtu aliyefufuka. Siku zikaenda. Vidole vilivyokuwa vikishika waya mwembamba vikapasuka. Siku moja nyundo iliteleza, ikaponda dole gumba, na kucha ikang'oka. Mama alilifunga kwa kipande cha kanga kuukuu.

"Dada," Thuwaiba alimwambia, akijaribu utani wake, "ukimaliza mawe ya Pongwe tutakuhamishia..."

"Usinichekeshe," alisema Sabiha. "Kuchekesha kwako ndiko kulikonifikisha hapa."

Thuwaiba alihisi kama aliyepigwa kofi na mkono uliofungwa kitambaa. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za moshi. Aliteka maji, akafagia, akanyamaza. Mama aliyekuwa akimfokea kwa maneno yake mengi sasa alimwangalia kwa wasiwasi, akamgusa paji la uso kama ana homa.

Hatimaye Thuwaiba alisema, "Mama, niende mjini nikamwambie yule Bi Dorkasi ukweli."

"Utuvue nguo mbele za watu?"

"Nguo zenyewe zilikuwa za kuazima, Mama."

Mama aliinua mkono ampige, kisha akaushusha. Baba alikuwa barazani, akasikia kila neno. "Hakuna mtu atakayetoka nyumba hii kwenda kuomba," alisema bila kugeuka. Habari ikaishia hapo.

Lakini Pongwe ni njiapanda, na watu hupita. Siku moja Thuwaiba akitoka shule alimwona Bi Dorkasi amesimama mbele ya ofisi ya kata, anangoja gari la kurudi mjini.  Baba alikuwa amekataza kwenda kuomba. Hakukataza kukaribisha mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alaa, si wewe binti wa pilau ya Ijumaa?"

"Ndiye mimi. Karibu nyumbani, mama. Ni wakati wa chakula."

Bi Dorkasi alitaka kukataa, lakini mtoto alikuwa ameshamshika mkono. Wakafuatana.

Moshi ulikuwa unapanda juu ya makuti kama kawaida. "Hodi!" aliita Bi Dorkasi. Mama aligeuka na kuduwaa. Hapakuwa na kochi wala zulia wala redio. Palikuwa na mkeka uliochanika na mafiga matatu. Lakini mgeni ameshapiga hodi, na ameshakuta sufuria jikoni. Hakuna mwanamke wa pwani anayemfukuza mgeni wa saa saba.

"Karibu," alisema Mama.

Mzee Massoud alitokeza mlangoni na singlendi iliyotoboka. Alimwona mgeni, akamwona bintiye kando ya jiko, akaelewa. "Thuwaiba!"

Thuwaiba alishika kifuniko kwa pindo la kanga na kukifunua. Maji yalikuwa yakichemka meupe, hamna hata punje.

"Leo tumepika moshi, mama," alisema. "Na juzi. Na siku zote. Ile siku nilikudanganya."

Hakuna aliyecheka. Bi Dorkasi alichungulia ndani ya sufuria, akaketi kwenye mkeka bila kuambiwa. Alimtazama Mzee Massoud akangoja.  Kuni zililia, maji yakamwagikia motoni.

"Hatuna," alisema Mzee Massoud mwishowe. Neno lenyewe lilitoka kama jino. "Hatuna kitu, mama. Vile vyote vilikuwa vya watu."

"Ungeniambia siku ile, mzee wangu."

"Nisingeweza."

Bi Dorkasi akapumua. "Nafasi ile imekwenda. Ernesti yuko darasani, na siwezi kumtoa. Kwao nako hakuna." Mama akafunika uso. "Sikilizeni kwanza. Kuna msichana mmoja kaolewa juzi, kaacha masomo. Ada yake imelipwa, kiti kiko wazi. Lakini vifaa ameondoka navyo, sijui ni mahari ya nani. Mfuko hauna fedha ya kununua vingine mwaka huu. Na mwaka ujao sijui kama Mfuko wenyewe utakuwepo. Binti aje Jumatatu na bisibisi, koleo na tesita yake ya umeme. Asipokuwa navyo hataruhusiwa karakana, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Alikunywa maji ya bomba, akashukuru, akaenda zake.

Jioni ile Mzee Massoud alifanya jambo ambalo mtaa haujapata kuliona. Alipita nyumba kwa nyumba, jua bado halijazama, bila kanzu. "Sina," aliwaambia. "Mwanangu anataka vifaa vya kusomea. Mwenye chochote aniazime, akimaliza atarudisha." Wengine walisema hawana, na ilikuwa kweli. Zubeiri aliyemwita tajiri aliinama chini, akatafuta chini ya meza ya duka, akatoa bisibisi mbili. Bi Zuleha alileta koleo la marehemu mumewe aliyefanya kazi reli. Lilikuwa limeshika kutu, Sabiha akalisugua kwa mchanga hadi usiku ukaingia. Tesita haikupatikana Ijumaa, wala Jumamosi. Jumapili magharibi fundi mmoja wa kule kiwandani, aliyekuwa sasa anauza karanga, aliileta ndani ya kikapu chake, chini ya karanga.

Jumatatu alfajiri Sabiha alisimama barabarani na mfuko wa vifaa, dole gumba bado limefungwa, baba yake na Thuwaiba wakimsindikiza. Alikuwa nyuma ya wenzake kwa masomo ya wiki nyingi, na mkono wake wa kazi ulikuwa mbovu. Hakuna aliyemwambia mambo yatakuwa mazuri, maana hakuna aliyejua.

"Haya, nichekeshe kidogo," alimwambia Thuwaiba.

Thuwaiba alifikiri. "Ukirudi fundi, utengeneze jokofu letu."

"Hatuna jokofu."

"Ndiyo maana halijaharibika."

Sabiha akacheka, akapanda gari.

Waliporudi nyumbani, Mzee Massoud aliketi barazani akamwita Thuwaiba kando yake. "Ulinikaidi," alisema.

"Nisamehe, baba."

"Mimi ndiye wa kuomba radhi. Sikiliza, mwanangu. Kusitiri ni kumfunika mwenzako asiaibike. Sisi tulifunika kidonda mbele ya daktari, tukamsifia na uzuri wa ngozi. Mtu akija kwa nia ya kukusaidia, mwonyeshe panapouma. Kutokuwa nacho hakukunivunjia heshima. Kusema ninacho ndiko kulikompeleka dada yako kwenye mawe."

Thuwaiba aliitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kuteka maji. 

Saa saba mchana Mama alitoka uani, akazitazama zile kuni mbichi, akaziacha. Hakuwasha. Juu ya makuti hapakuwa na kitu ila jua. Haukupita muda, Bi Zuleha akachungulia ukutani.

"Mama Sabiha, mbona leo hakuna moshi?"

"Hakuna cha kupika, dada."

Bi Zuleha akatoweka. Aliporudi alikuwa na sahani ya bada, ugali wa muhogo, na kisamvu, haikufunikwa hata kwa kanga.