Kioo Kilichosuguliwa kwa Majivu

Wizi uligunduliwa Ijumaa asubuhi. Juu ya paa la kituo cha kupimia hewa, nje kidogo ya Malindi, mtambo ulikuwa ukilifuata jua kama kawaida, ila kioo chake cha dhahabu hakikuwapo.

Kioo hicho ndicho kilichoingiza mwanga wa jua ndani ya mtambo, nao mtambo ukapima kwa mwanga huo kiasi cha hewa ya ukaa kilichomo angani. Bila kioo hapakuwa na vipimo.

Inspekta Fahima hakukawia. Kufikia adhuhuri alikuwa amemtia ndani Garama, mnunuzi wa vyuma chakavu wa Muyeye, aliyewahi kufungwa kwa wizi wa nyaya. Wakubwa wakampongeza. Naye, tuseme kweli, alizipenda pongezi zile.

Jumapili, Daktari Swafwan, mkuu wa kituo, akamwekea karatasi mezani.

"Kioo kiliibwa lini, Inspekta?"

"Usiku wa kuamkia Ijumaa."

"Basi tazama hapa. Alhamisi saa nne asubuhi, hakuna wingu, mwanga umeshuka ghafla hadi robo. Haukukatika. Kioo kilikuwapo, lakini kimeshaharibika."

"Nani alikuwa juu saa hiyo?"

"Mama Kadzo, mtunza kituo. Ndiye mwenye ufunguo."

Fahima akapanda ngazi. Kwenye matundu ya skrubu zilizokishika kioo akakuta majivu na nyuzi za makumbi ya nazi. Aibu ikamshika. Ijumaa hakuwa amepanda kabisa.

Alimkuta Kadzo, mjane wa Ganze, akifagia ua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sufuria zako wazisugua kwa kitu gani?"

Kadzo akaacha kufagia. "Majivu na makumbi."

"Na kioo?"

Kadzo akauinamia ufagio.

"Mama, Garama yuko seli siku ya tatu."

"Najua. Mimi ndiye nimpelekeaye uji." Machozi yakamtoka. "Wageni walikuwa waje Ijumaa, na kioo kimeshika chumvi ya bahari. Daktari alinikanya nisikiguse. Lakini chombo kikiwa kichafu, mgeni atamcheka nani kama si mimi? Nikakisugua. Dhahabu ikatoka yote. Jioni nikakifungua. Kiko chini ya kitanda changu, nimekifunga kwa leso."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwetu wote wajua mimi ndiye niliyeaminiwa chombo cha wasomi. Niwaambie nimekisugua kama sufuria? Nikaona heri paonekane mwizi."

"Heri Garama."

"Sikujua mtamkamata mtu upesi vile."

Neno hilo lilimchoma Fahima.

"Mwambie Garama wewe," Kadzo akasihi. "Mimi sitaweza kumtazama."

"Wala mimi, mama. Twende sote."

Mlango wa seli ukafunguliwa. Garama alipomwona Kadzo aliinuka, akapangusa mikono yake kwenye shati.

"Ahsante, mama," akasema, akainyoosha apokee uji.