Makaa ya Mke Mwenzangu

Siku ile milima ilisogea tangu adhuhuri. Kwetu Unterfluh kila mtoto anajua maana yake. Vilele vikionekana karibu mno, hadi unaona kila ufa wa mwamba, basi Föhn anashuka kutoka kusini, na upepo huo ukishuka hakuna jiko linalowashwa bonde zima. Nyumba zetu ni za mbao. Kijiji kilishawahi kuteketea chote, enzi za babu zetu, kwa cheche moja tu. Tangu hapo mlinzi wa zamu hupita nyumba kwa nyumba jioni, akigusa kila jiko kwa kiganja. Akikuta joto, anachota makaa kwenye ndoo yake ya chuma na kwenda kuyazamisha kwenye hori la maji ya ng'ombe.

Zamu ilikuwa ya mume wangu, Balz.

Na Balz alikuwa amenyoa ndevu.

Mnielewe jamani. Mume wangu hanyoi hata Jumapili ya kanisani. Lakini Föhn akishuka katikati ya baridi, theluji ikaanza kudondoka mapaani, wanaume wenzake wanashika vichwa kwa maumivu, ng'ombe wanarusha mateke, maziwa yanaharibika... yeye anapiga mluzi. Ananyoa. Anavaa shati safi. Kisha anatoka zamu, na akirudi ananuka mkate wa matunda ya mapeasi. Tena wa moto! Siku ambayo sisi wengine tunatafuna viazi baridi!

"Unakwenda kwa nani?" nilimuuliza.

"Kwa nani tena, Seline? Nagusa majiko."

"Majiko, au mwenye jiko?"

Nikalitungua koti lake zito ukutani, nikalivaa. Nikavaa na kofia yake, nikachukua ndoo. Viatu vyake nikavifungia kabatini, ufunguo nikautia kifuani.

"Leo naenda mimi."

Balz alibadilika rangi. "Basi zunguka kote," alisema polepole. "Ila nyumba ya juu usifike. Haina mtu."

Nyumba ya juu ni ya kina Afra. Afra ndiye mke wake wa kwanza, aliyekufa kabla mimi sijaletwa hapa. Siku ya Föhn kama ile, Balz alisema kichwa kinamuuma, Afra akachukua koti na ndoo akaenda zamu badala yake. Theluji ikaporomoka mlimani, ikamfunika. Hawakumpata mpaka ilipoyeyuka.

Nasema wazi: nilimwonea wivu marehemu. Mke mwenza aliye hai utamsuta, mtatupiana maneno kisimani, roho itulie. Aliyekufa utamwambia nini? Hazeeki. Chumvi haimzidi kwenye chungu. Kila mtu anamkumbuka kwa mema tu, na wewe uliye hai ndiwe mwenye makosa.

Nilianza kwa Melk, seremala.

"Lo! Leo mlinzi kavaa sketi!" alicheka. Nilipogusa jiko lake akatikisa kichwa. "Afra naye alikuwa anakuja hivi hivi. Mkono wake mwepesi, maskini."

"Na wangu?"

"Wako unagusa jiko kama unalizaba kofi."

Nilitoka bila kuaga. Roho iliniuma.

Kwa mama mkwe nilikuta jiko baridi na kikombe cha kahawa baridi. Alinitazama ndani ya koti lile, akajishika kifua. "Nyumba ya juu ipite tu, mwanangu."

"Haina mtu, Mama. Sasa mbona wote mnaiogopa?"

Alivuta shali yake.

Nikapanda.

Giza lilikuwa linaingia. Upepo uliunguruma kwenye misonobari, vuguvugu, kama pumzi ya mtu mwenye homa. Maji ya theluji yalichuruzika kila mahali. Nilipofika kwenye lango la nyumba ya juu, kukawa...

Kimya.

Nyuma yangu miti ilikuwa bado inainama. Pale langoni hata unywele wangu haukutikisika. Bomba la jiko lilikuwa linatoa moshi, na moshi ulipanda wima.

Nikasikia harufu. Mapeasi. Mdalasini.

"Nimekushika leo, shetani wa kike," nikasema moyoni, kwa maana bado niliamini nitamkuta mwanamke wa watu, mwenye nyama na damu. Nikasukuma mlango.

Jiko lilikuwa linawaka. Mwanamke alikaa mezani, amenipa mgongo, anakata mkate. Nywele zake zilikuwa zimelowa. Mabegani mwake kulikuwa na theluji.

Karibu na moto vile... haikuyeyuka.

"Umechelewa," alinong'ona bila kugeuka. "Supu inapoa."

Kisu kikaendelea kukata, taratibu.

"Nimelisikia koti lako tangu kule chini. Umenyoa?"

Niliangalia meza. Mabakuli mawili. Kijiko kimoja kilikuwa cha kwetu, chenye mpini uliopinda, ambacho nilikitafuta kutwa nzima nikadhani nimepagawa.

"Leo hurudi kwake," alinong'ona. "Uliniahidi, Balz. Leo tunapanda wote, huko nilikolala."

Nilikwenda kufumania, nikakuta mume wangu anaitwa kaburini! Woga ulinishika, sikatai. Lakini wivu ulinipanda ukaupita woga. Kwani yeye nani? Alikula ujana wa yule mwanamume, sasa anautaka na uzee wake? Nikafungua mlango wa jiko, nikatia koleo, nikaanza kuchota makaa kwenye ndoo.

"Föhn ameshuka," nikasema. "Moto ni marufuku."

Kisu kikasimama.

"Hiyo si sauti ya Balz."

"Ni ya mkewe."

"Mkewe ni mimi."

"Ulikuwa."

Akaanza kugeuka. Polepole. Uso sikuungoja. Niliona sikio tu, na lilikuwa limejaa theluji mpaka ndani.

"Haya, chukua," alinong'ona. "Ila uyabebe vizuri makaa yangu. Yasimwagike njiani."

Nilikimbia. Ndoo iliniunguza paja kupitia koti. Ilikuwa nzito, na kila nikiteremka ilizidi uzito, hata nikawa naikokota kwa mikono miwili. Nilipofika kwenye hori la ng'ombe, karibu na mlango wetu, ikawa nyepesi ghafla. Nikachungulia ndani.

Tupu.

Hata jivu halikuwamo. Chuma kilikuwa baridi.

Nikaingia nyumbani. Ufunguo ulikuwa kifuani mwangu, na viatu vya Balz vilikuwa bado kabatini. Alikaa pekupeku kando ya jiko letu, jiko ambalo mimi mwenyewe nililizima mchana, nikalimwagia maji. Mbele yake bakuli lilikuwa linafuka mvuke. Vijiko viwili.

Akainua uso, akatabasamu. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu.

"Funga mlango, mpenzi," alisema. "Upepo."

Mlango ukafungwa.

Mimi sikuugusa.

Kesho yake nilimweleza mama mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga ishara ya msalaba. "Kule juu alikuwa na kwake," alisema. "Umemhamisha, mwanangu." Zaidi ya hapo alikataa kusema, mpaka tukamzika.

Tangu siku hiyo, Föhn akishuka, walinzi hupita na kuligusa jiko letu. Baridi, wanasema, wanakwenda zao. Mimi nikiligusa naungua. Kovu hili hapa kiganjani. Usiku kitanda kinabonyea upande wa ukutani, na shuka linalowa.

Lakini sihami. Wakinicheka wanicheke. Mume ni wangu, yu hai, anapumua, na kule juu hajapanda tena. Siku zote za upepo nakaa naye bega kwa bega, sitoki hata kuteka maji, nisije nikawaachia nyumba.

Leo milima imesogea tangu adhuhuri. Juu ya kijiji theluji ni nyingi kuliko miaka yote, na nimeisikia ikilia kwa ndani, kama mbao zinazokaribia kuvunjika.

Zamu imeangukia kwetu. Balz amesimama mbele yangu, amenishikia koti lake wazi, tayari nipenyeze mikono. Ndoo ameshaiweka mlangoni.

"Kichwa kinaniuma, Seline," anasema. "Leo nenda wewe."

Amenyoa ndevu.