Maana ya Kuskola

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nadhira alifagia mbele ya duka la baba yake pale Kiberege. Darasani alikaa dawati moja na Scolastica, ambaye mara nyingi alisinzia mpaka kalamu ikamdondoka. Siku moja Nadhira alimwona mwanafunzi mwingine akisinzia, akasema, "Na huyu naye anaskola!" Darasa zima likacheka.

Neno likashika. Haukupita mwezi, hata waendesha bodaboda wakawa wanataniana kijiweni, "Vipi, umeskola?" Scolastica aliacha kucheza na wenzake. Nadhira aliliona hilo, lakini alijiambia kuwa ni utani.

Jumamosi moja mama yake Scolastica alifika dukani kununua chumvi, akamkuta Nadhira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi hili neno 'kuskola' lina maana gani? Naambiwa limetoka kwenye jina la binti yangu, lakini mwenyewe nikimuuliza hanijibu."

Nadhira aliendelea kufunga chumvi. "Ni... ni kusoma kwa bidii, mama."

Uso wa mama yule ulichangamka. "Kumbe! Maana tangu alfajiri yuko shambani anafukuza ndege wasimalize mpunga, kisha anakimbilia shule. Nitawaambia wenzangu kanisani kesho!"

Mchana ule Nadhira aliyawaza maneno ya mama yule. Hakuwahi hata kumuuliza Scolastica kwa nini anasinzia. Sasa mama yake angelitamka neno lile kwa fahari mbele za watu, nao wangemcheka. Jioni alimweleza baba yake, Mzee Haidari. Baba hakufoka. Alifunga duka, wakaenda pamoja nyumbani kwa kina Scolastica.

Nadhira alieleza yote huku akitazama chini. "Ungeniambia pale pale dukani," alisema mama yake Scolastica.

"Nisamehe, mama. Nisamehe, Scola. Mimi ndiye niliyelianzisha."

"Nilijua ni wewe," Scolastica alijibu taratibu. "Nilikuwa nasubiri uache."

Maneno hayo yalimuuma Nadhira kuliko fimbo. Jumatatu alisimama mbele ya darasa, akaeleza habari za ndege na mpunga, akaomba radhi. Hakuna aliyecheka. Kisha alikwenda na baba yake kijiweni, akarudia yote. Vijana wakaacha kulitumia neno lile.

"Kila kijiwe kina maneno yake, wala si vibaya," Mzee Haidari alimwambia wakirudi nyumbani. "Lakini usitengeneze neno kwa kumwaibisha mwenzako. Wewe unacheka mara moja, yeye analisikia kila siku. Na ukishakosea, sema kweli mapema."

"Nimeelewa, baba," alisema Nadhira.